Shimo la Sisimizi Nyuma ya Jiko



Ndugu zangu, mvua zilipoanza hapa Juba, sisimizi waliingia kwenye sukari yetu. Nikamwaga mafuta ya taa katika shimo lao nyuma ya jiko, nikawasha kiberiti. Moto ukiwaka, nikamkumbuka Mjaini mmoja niliyesoma naye sekondari Nairobi.

Ujaini ni dini kongwe ya India; Mombasa na Nairobi wana mahekalu yao. Msingi wake ni ahimsa, yaani kutodhuru chochote chenye uhai. Rafiki yangu hakula nyama wala mayai. Hakula hata viazi, vitunguu na karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi huua mmea na vijidudu vya udongoni. Kwao walikula kabla ya jua kuzama, wadudu wasije wakaangukia chakulani gizani. Watawa wao hufagia taratibu kabla ya kukaa, na msimu wa mvua, wadudu wanapojaa njiani, hutulia mahali pamoja miezi 4.

Sisi hatuamini hivyo. Tunachinja kwa jina la Allah, na mbu wa malaria tunamuua. Lakini tunayo mafundisho yetu:

1. Suratun-Naml, aya ya 18: sisimizi anawaonya wenzake waingie majumbani mwao, Nabii Sulayman (a.s.) na majeshi yake wasije wakawaponda bila kujua. Sura ikaitwa kwa jina lao.

2. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Nabii mmoja aliumwa na sisimizi, akaamuru makazi yao yachomwe. Allah akamlaumu: kwa kosa la mmoja ameteketeza umma unaomsabihi.

3. Abu Dawud amepokea kwamba masahaba walichoma makazi ya sisimizi safarini. Mtume (s.a.w.) akawafundisha kuwa kuadhibu kwa moto ni haki ya Mola wa moto peke yake.

Hadithi hiyo ya 3 niliijua tangu madrasa. Mwenzangu alibeba imani yake hadi kwenye sahani. Mimi yangu niliiacha kwenye daftari. Nimetubu. Sasa kopo la sukari lina kifuniko, nalo limewekwa katikati ya sahani ya maji. Sisimizi wamebaki nje, wazima.

Tujadili kwenye darsa: ni hukumu gani tunayoijua kwa moyo, lakini mikono yetu bado haijaisikia?

Wabillahi tawfiq.