Kamera Ndani ya Kichuguu: Filamu za Alan Root na Funzo kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi huiweka kando filamu ya hali halisi, akiidhania kuwa taarifa tu wala si sanaa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba filamu ya aina hii ina msimulizi, mtazamo na msuko kama masimulizi mengine, na kwamba ina funzo kwetu tunaokusanya fasihi simulizi. Mfano wetu ni Alan Root, aliyezaliwa London mwaka wa 1937, akalelewa Kenya na kufanya kazi yake humu hadi alipofariki mwaka wa 2017. Filamu zake nyingi mashuhuri alizitengeneza pamoja na mkewe wa kwanza, Joan.

Chombo na mtazamo

Upekee wa Root ulikuwa kukipeleka chombo mahali ambapo jicho la kawaida halifiki. Katika chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, yeye na Joan walipiga picha wakiwa chini ya maji, miongoni mwa viboko na mamba. Kazi hiyo ilikuwa na gharama: katika kurejea kwao Mzima, kiboko alimng'ata Root mguuni. Mwaka wa 1974 wawili hao waliruka kwa baluni juu ya Kilimanjaro, na mwaka wa 1976 Root akaanzisha safari za baluni za watalii katika Maasai Mara. Baluni ilimpa mtazamo wa juu usioambatana na ngurumo mfululizo za ndege.

Ni bayana basi kwamba teknolojia si pambo la filamu. Kamera inaposhuka majini, mtazamaji naye anashuka. Kiboko anayeonekana kutoka ukingoni kama jiwe zito anageuka kiumbe mwepesi atembeaye juu ya mchanga. Hili ndilo tuliitalo badiliko la mtazamo katika nadharia ya usimulizi.

Kichuguu na sauti ya msimulizi

Filamu yao kuhusu mchwa, ya mwaka wa 1978, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Inatuingiza ndani ya kichuguu: malkia, askari, vibarua na bustani za kuvu. Toleo lake la Marekani lilisimuliwa kwa Kiingereza na mwigizaji Orson Welles. Picha, basi, ni za Kenya. Sauti inayozifasiri ni ya mbali.

Hapa Lubao, kandokando ya barabara ya Kakamega kuelekea Webuye, kichuguu kina wasimulizi wengine. Miongoni mwa Waluhya, kuvuna kumbikumbi ni kazi yenye sanaa. Mvunaji hufunika kichuguu, huandaa shimo la kuwanasa, na kwa baadhi ya aina za kumbikumbi hupiga mdundo kwa vijiti ili kuiga mvua na kuwaita watoke. Wimbo huweza kuandamana na mdundo huo.

Sisi watafiti hufanya nini? Huandika maneno ya wimbo, tukaacha mdundo, mkono, shimo na msimu. Hapo tumehifadhi ganda. Mdundo si kiambatisho cha wimbo huu. Ndio unaofanya kazi. Pasipo kuuona na kuusikia, msomaji hawezi kueleza kwa nini wimbo upo.

Mapendekezo

Leo simu ya mkononi hunasa picha na sauti kwa gharama ndogo. Tunapendekeza mtafiti azingatie mambo matatu. Kwanza, aombe idhini na aeleze rekodi itatumiwaje. Pili, arekodi tukio zima, tangu maandalizi hadi mavuno, bila kukatiza. Tatu, mvunaji mwenyewe asimulie kwa lugha yake, na tafsiri ya Kiswahili iandikwe chini ya picha, ili sauti yake isifunikwe na ya mtafiti.

Root alithibitisha kwamba kichuguu kina hadithi ya kutosha filamu nzima. Waliozaliwa karibu nacho wana yao. Mdundo hufundishwa kwa kutazamana. Vijana wasipojifunza, hautapatikana katika daftari lolote.

Maswali ya mjadala

1. Je, msimulizi wa filamu ya hali halisi ni mhusika? Fafanua.
2. Onyesha jinsi mahali pa kamera panavyobadilisha maana ya tukio.
3. Chagua wimbo wa kazi kutoka kwenu. Ni vipengele vipi hupotea unapoandikwa tu?