Nyumba ya Mlimani na Njia Yake



Somo letu safari hii ni la mlimani, lakini hatutapanda kileleni. Tutaishia kwenye mfereji wa kando ya barabara, kwa maana huko ndiko penye mafundisho mengi kuliko kileleni.

Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199 kwenye kilele chake kikuu kiitwacho Batian. Sehemu za juu hazina duka wala zahanati. Mtu akizidiwa na baridi au akiumia, kimbilio lake ni vibanda vichache vya mbao, mawe na mabati. Vingi katika vile vya zamani vilijengwa na Chama cha Wapanda Milima cha Kenya, kilichoundwa mwaka 1949. Wanachama wake walikuwa watu wenye kazi zao nyingine, wakipanda kwa siku zao za mapumziko pamoja na wapagazi. Juu ya mwisho wa barabara, kila bati na kila mfuko wa misumari una mgongo wa mtu uliobeba.

Nyumba moja ina habari ya pekee. Mwezi wa Septemba 1970 madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian jiwe lilipong'oka, naye Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya, mfupa ukatokeza nje. Kumshusha kulichukua zaidi ya juma zima. Waliofika kwanza ni watu wa kujitolea wa hapa Kenya pamoja na watumishi wa hifadhi. Baadaye waokoaji wa milimani kutoka Austria wakaletwa kwa ndege. Rubani mmoja Mmarekani alikufa helikopta yake ilipoanguka katika kazi hiyo. Majeruhi alipona. Kwa shukrani Waaustria walitoa msaada, na mwaka 1973 ikasimama nyumba iitwayo Austrian Hut, mita 4,790 juu ya usawa wa bahari, kando ya barafu ya Lewis, ambayo tangu siku zile imepungua mno.

Tukio lile hukumbukwa kwa kamba na ujasiri. Mimi kama mwalimu hupenda kuuliza swali la pili: baada ya kushuka mwambani, mgonjwa alipita wapi? Maana hata leo, mgonjwa aliyeteremshwa kwa machela upande wa Naro Moru hubebwa kwa saa nyingi kupita matope mpaka Met Station, mita 3,050, ndipo gari linapoweza kumpokea. Kutoka hapo mpaka lango la hifadhi barabara hushuka kama mita 600 kwa mwendo wa kilomita 10 hivi. Barabara hiyo ikikatika, safari ya machela inaongezeka kilomita hizo zote.

Na si waliovunjika tu. Kuna ugonjwa wa mwinuko, ambao huweza kujaza mapafu maji. Mtu aliyepanda haraka kuliko mwili wake ulivyoweza kuzoea huanza kukohoa na kukosa pumzi hata akiwa amelala. Dawa zipo, na huyo Oelz tuliyemtaja alikuja kujulikana kwa utafiti wake juu ya ugonjwa huo. Hata hivyo tiba ya kwanza ni moja, kumteremsha mara moja, hata kama ni usiku. Hapo ndipo kibanda na barabara vinakuwa kitu kimoja. Kibanda humpa mgonjwa blanketi na paa, lakini akibaki humo bila kushushwa anaweza kufa.

Basi tujifunze barabara ya mlimani huharibika kwa nini. Watu wengi husema ni magari. Magari yana sehemu yao, lakini adui mkubwa ni maji, hasa maji yaliyopata mwendo. Wataalamu walikwisha kuonyesha tangu karne ya 19 kwamba maji yakiongeza mwendo wake mara 2, uzito wa jiwe yanaloweza kulisukuma huongezeka mara 64. Sikukosea hesabu: 2 kwa 2, mara 6. Ndiyo maana kijito kinachochezewa na watoto asubuhi, jioni baada ya mvua kimebeba mawe ambayo mtu mzima hawezi kuyainua.

Kwa hiyo kazi yote ya kutunza barabara ya mlimani ni kuyazuia maji yasipate mwendo na kuyatoa njiani yakiwa bado machache. Katikati ya barabara huinuliwa kidogo, mfano wa mgongo wa ng'ombe, ili maji yateremke pande zote mbili. Kando huchimbwa mitaro. Lakini mtaro ukienda mbali bila mahali pa kutokea hugeuka kuwa mto, tena mto ulioutengeneza mwenyewe. Hivyo kila baada ya hatua kadhaa huchimbwa mchirizi wa kuyapeleka maji porini, na mteremko ukiwa mkali michirizi hiyo hukaribiana zaidi. Mahali pa kuvukishia maji huwekwa kalavati. Kwenye njia za miguu hulazwa gogo au safu ya mawe kwa kukingama kidogo, ili kuyatoa maji kando.

Hakuna hata moja katika haya linalohitaji elimu ya chuo kikuu. Kalavati likizibwa na majani ya mianzi, mtu mmoja mwenye jembe aweza kulizibua kwa nusu saa. Likiachwa hivyo mpaka mvua kubwa za Machi au Oktoba, maji hupita juu ya barabara na kuikata, na hapo yatatakiwa magari ya mawe, saruji, mhandisi na fedha ambazo hazipo. Ndugu zetu Wapare wana neno lao, msaragambo. Watu huitwa, nao hutoka na majembe yao. Hiyo ndiyo kazi hasa ya watu wa kujitolea.

Kibanda nacho kina adui wake. Maji yakiganda hutanuka kama sehemu 9 katika 100. Yakiingia ufa wa ukuta na kuganda, huupanua ufa. Yakiyeyuka, huingia ndani zaidi. Ulaya jambo hili huja kwa majira, lakini juu ya Mlima Kenya baridi ya kugandisha yaweza kuja usiku wowote wa mwaka, na jua la mchana huyeyusha tena. Ufa mdogo huko haukai mdogo muda mrefu. Yafaa pia kukumbuka kwamba hewa ya mita 4,790 ni nyepesi, imezidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Fundi anayepiga misumari 50 hapa kwetu bila kupumzika, kule atakaa chini mara kadhaa kabla hajafika 20.

Kwa utaratibu wa kazi yenyewe tuwatazame Waskoti, wale ambao wamishenari wao walianzisha hospitali ya Chogoria, ubavuni mwa mlima huu huu, mwaka 1922. Kwao kuna chama, Mountain Bothies Association, kilichoanzishwa mwaka 1965. Kinatunza vibanda kama 100 vya mbali milimani, vingi vikiwa vya watu wengine wenye ardhi. Havina kufuli wala malipo. Kila kibanda kina mwanachama aliyekabidhiwa kukiangalia na kusema kinahitaji nini, kisha huitwa kundi la wenye nyundo, misumeno na majembe. Naona siri yao imo katika hilo la kukabidhiwa. Kibanda cha watu wote kisicho na mtu aliyetajwa kwa jina hubomoka huku kila mmoja akidhani mwenziwe yuko njiani kwenda kukitengeneza.

Ugumu mwingine ni fedha. Watu huchangia jengo jipya kwa furaha, kwa sababu kuna utepe wa kukatwa na picha za kupigwa. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijaona mgeni rasmi akialikwa kuzibua kalavati.

Wasomaji wenye barabara ya mteremko kuelekea shule, zahanati au kanisa, jaribuni zoezi hili. Mvua inaponyesha, chukueni mwavuli mwende kuitembea barabara yenyewe kutoka juu hadi chini, wawili au watatu pamoja. Barabara kavu haionyeshi kosa lake. Angalieni maji yanaingilia wapi, yanaanza kukimbia wapi, na mahali gani yanaacha mtaro na kuvuka. Pigeni vijiti alama katika kila mahali pa namna hiyo. Mvua ikikatika rudini na majembe, mkaanzie kijiti cha juu kabisa, kwa kuwa maji yaliyotolewa huko hayatafika kwenye vile vya chini.