KUBADILI PROGRAMU DHIBITI YA KADI YA MICHORO: KAZI ISIYOKATIZWA NJIANI

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa shule ya msingi ya pwani, tuseme kati ya Bagamoyo na Bunju, huenda akakuta kompyuta moja au mbili tu, naye ndiye atakayetazamiwa kuzitunza. Katika kazi za utunzaji ipo moja ambayo ikiharibika huweza kuizima kompyuta na somo zima la TEHAMA pamoja nayo. Kazi hiyo ni kubadili programu dhibiti ya kadi ya michoro. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya kwa usalama na namna ya kuifundisha.

Maana yake

Kadi ya michoro ni sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha tunazoziona kwenye skrini. Juu yake mna kipande kidogo cha kumbukumbu kilichoandikwa maagizo ya kuiamsha kadi: kasi yake, kiasi cha volti na mwendo wa feni. Maagizo hayo ndiyo programu dhibiti. Yasichanganywe na kiendeshi, ambacho hukaa katika diski ya kompyuta. Kiendeshi kikiharibika, hupakiwa upya. Programu dhibiti ikiharibika, kadi yaweza isiamke kabisa.

Kuanza na linalojulikana

Kanuni ya ufundishaji hututaka tutoke kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana. Watu wa Bagamoyo wanawajua mafundi wa mashua ufukweni. Fundi akishachomoa kalafati kuukuu, hana budi kutia mpya kabla maji hayajajaa, kwa kuwa chombo chenye nyufa wazi hakielei. Kwa hiyo pamba, mafuta na patasi huwa mkononi mwake kabla hajagusa ubao wa kwanza.

Ndivyo ilivyo kwa kadi. Kompyuta hufuta kwanza maagizo ya zamani, kisha huandika mapya. Katika muda huo, ambao kwa kawaida ni dakika chache, kadi haina maagizo kamili. Umeme ukikatika hapo, maji yamejaa na nyufa ziko wazi.

Je, kazi hii inahitajika?

Swali hili hutangulia yote. Sababu za kweli zipo. Mwaka 2018 kampuni ya NVIDIA ilitoa marekebisho kwa kadi zake ambazo, zikiunganishwa na baadhi ya skrini za DisplayPort, zilionyesha giza mpaka mfumo wa kompyuta ulipokwisha kupanda. Januari 2020 kampuni ya AMD ilibadili vipimo vya kadi ya Radeon RX 5600 XT siku chache kabla ya kuiuza, na baadhi ya wanunuzi wakahitaji kuandika programu dhibiti mpya ili waipate kasi iliyoongezwa.

Lakini ubovu mwingi wa picha hautoki huko. Hewa ya bahari ina chumvi, nayo hutia kutu kwenye miguu ya kadi na ncha za waya. Chunguza kwanza waya, vumbi, kutu na kiendeshi. Ikiwa mtengenezaji hakutaja kasoro unayoiona, iache programu dhibiti kama ilivyo.

Hatua za kazi

1. Tambua kadi barabara: mtengenezaji, namba kamili ya aina yake, ukubwa wa kumbukumbu na toleo la sasa. Programu ya GPU-Z huonyesha mambo haya. Kadi mbili zenye jina moja la biashara zaweza kutofautiana volti au kumbukumbu. Faili la moja lisitiwe katika nyingine.

2. Chukua faili kwa mtengenezaji mwenyewe, wala si kwa mtu wa kati.

3. Hifadhi nakala ya programu dhibiti ya zamani mahali pawili: katika flashi na katika kompyuta nyingine.

4. Hakikisha umeme. Unganisha kompyuta na kifaa cha akiba ya umeme kiitwacho UPS, nawe uwe umekwisha kukipima. Usianze wakati wa radi za masika.

5. Funga programu nyingine zote, anzisha kazi, kisha usiguse kitu mpaka ujumbe wa kumaliza utokee.

6. Zima, washa, kisha linganisha namba ya toleo na ile uliyoitarajia.

Kazi ikikwama na skrini bado inaonyesha, usizime kompyuta. Jaribu kuirudisha nakala ya zamani. Skrini ikiwa nyeusi baada ya kuwasha, tumia picha ya kompyuta yenyewe, kama inayo, au kadi nyingine, uandike nakala kwa njia hiyo. Baadhi ya kadi zina programu dhibiti mbili na swichi ya kuchagulia. Yote yakishindikana, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuandikia kumbukumbu hiyo.

Namna ya kufundisha

Mkufunzi asitumie kadi pekee ya chuo kwa onyesho. Hatua ziandikwe ubaoni, na wanachuo wagawanywe watatu watatu: msomaji, mtendaji na mkaguzi. Msomaji asome hatua kwa sauti, mtendaji aeleze atakavyofanya, na mkaguzi aseme "endelea" au "simama". Ghafla mkufunzi atangaze kwamba umeme umekatika. Kila kundi lieleze limefika hatua gani na limebakiwa na nini mkononi. Kundi lililoruka hatua ya tatu au ya nne litaona upungufu wake bila kukaripiwa.

Wanafunzi wa shule ya msingi hawatafanya kazi hii. Lakini wakimwona mwalimu wao akiandaa, akihifadhi nakala na kupima umeme kabla ya kuanza, watakuwa wamejifunza utaratibu utakaowafaa katika kazi yoyote isiyoweza kusimamishwa katikati.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya kiendeshi na programu dhibiti.
2. Kwa nini nakala ya zamani isihifadhiwe katika kompyuta ileile peke yake?
3. Taja kazi nyingine ya mazingira ya wanafunzi wako isiyokatizwa njiani, uandike andalio la somo linaloanzia hapo.