Banjo Ikikuchoma Masikio, Anza na Ngozi

Banjo yangu niliinunua mkononi mwa mtu, hapa North Carolina ninakoishi, na kwa miezi minane niliilaumu bure. Uzi wa kwanza ulichoma masikio, wa nne ulinguruma tu, na kila noti iliacha mlio wa debe tupu. Nilibadilisha nyuzi mara tatu. Nyuzi hazikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa kwenye ngozi. Tunaiita ngozi ingawa siku hizi ni plastiki. Ngozi za ndama zilianza kuachwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu zililegea kila hewa ilipojaa unyevu. Aliyekulia Tanga kama mimi hahitaji kuelezwa hilo: kabla ya ngoma kuchezwa, wazee walizikanza kwenye moto wa makuti hadi mlio ukae sawa. Na banjo ni ngoma iliyotiwa shingo. Asili yake ni ala za vibuyu vilivyowambwa ngozi, ambazo watu waliotekwa Afrika Magharibi na kufanywa watumwa walizitengeneza upya ng'ambo ya bahari. Ukiirekebisha kama gitaa utahangaika. Irekebishe kama ngoma.

Ziba nyuzi kwa kiganja, kisha gonga ngozi kwa ncha ya kidole mbele ya kila kulabu inayoikaza, sentimita mbili hivi kutoka ukingoni, ukizunguka duara zima. Yangu ina kulabu 24. Upande wa shingoni ulitoa sauti ya juu, upande wa chini ukajibu kama ngoma iliyonyeshewa. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hapa usivutie upande wowote. Tafuta kulabu yenye sauti ya chini kuliko zote, kaza nati yake thumni ya mzunguko, gonga tena, usikilize. Mimi mara ya kwanza sikuwa na subira hiyo. Nilikaza upande mmoja robo mzunguko, nikaongeza robo, na ngozi ikapasuka ukingoni kwa kishindo. Nikanunua nyingine.

Pande zote zikishalingana, ndipo uchague mkazo. Wapigaji wengi wa muziki wa bluegrass, wanaofuata nyayo za Earl Scruggs, mzaliwa wa jimbo hili, hukaza hadi ngozi ikigongwa itoe noti iliyo karibu na G shapu: sauti kali, inayopasua katikati ya fidla na magitaa. Mimi hupiga kwa mtindo wa zamani, kwa kushusha ukucha juu ya nyuzi, nikipiga peke yangu usiku. Nilishuka hadi F, na sauti ikanenepa.

Lakini ngozi ikilegea, kidaraja kinachobeba nyuzi nacho huzama. Nyuzi zangu zikashuka, zikaanza kugonga freti. Nilitoa kidaraja cha milimita 16 nikaweka cha milimita 17.5, kilicho kizito zaidi, na huo uzito ndio uliomaliza ukali wa uzi wa kwanza. Kidaraja hakigundishwi, kinashikiliwa na nyuzi tu, kwa hiyo usizilegeze zote kwa pamoja. Ili kukipatia mahali pake, gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 hadi utoe mlio wa kengele, kisha ubonyeze hapohapo. Noti hizo mbili zifanane. Ukibonyeza na noti ikapanda kuliko kengele, sogeza kidaraja mbali na shingo, ikishuka, kirudishe. Kisha weka alama ya penseli.

Kile chuma cha chini kinachofungiwa nyuzi kina skrubu yake. Kikiinamishwa kuelekea ngozi, nyuzi hukandamiza kidaraja na sauti hukolea ukali; kikiinuliwa, hulainika. Nimekiinua kidogo, basi.

Mlio wa debe uliobaki niliumaliza kwa kipande cha kanga kilichochakaa, nilichokikunja na kukibana kati ya ngozi na fimbo inayopita nyuma yake. Kiguse ngozi tu, kisiisukume.

Badilisha kitu kimoja kwa siku, uandike ulichogusa na kiasi ulichozungusha, kisha upige wimbo uleule unaoujua vizuri kabla ya kushika spana tena.