Wimbo wa Harusi, Tunamwimbia Nani?



Wiki iliyopita rafiki yangu anayefunga ndoa mwezi ujao alinitumia orodha ya nyimbo za Misa yake. Wimbo wa mwanzo: ile "ta-ta-ta-taa" ya kinanda tunayoijua wote. Komunyo: bongo fleva waliyokuwa wakisikiliza wakati wa uchumba. Chini akaandika, "Usinikatalie, hii ni siku yangu."

Sikumkatalia. Nimekaa kwaya muda mrefu, najua neno "hairuhusiwi" likisemwa kavukavu linavyoumiza. Nilimwuliza tu kama anajua "ta-ta-ta-taa" imetoka wapi.

Imetoka kwenye opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Inaitwa Lohengrin, ya Mjerumani Richard Wagner, na ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Weimar mwaka 1850. Tena mle haiimbwi maharusi wakielekea altareni. Wameshafunga ndoa, wanasindikizwa chumbani. Usiku uleule bibi harusi anamwuliza mumewe swali alilokatazwa, kwamba yeye ni nani hasa, na ndoa inaishia hapo! Ule mwingine wa kutokea kanisani Mendelssohn aliutunga mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare. Ni muziki mzuri, sikatai. Ila zote mbili zilitungwa kwa ajili ya jukwaa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963 (namba 112), unafundisha kwamba muziki wa Kanisa unazidi kuwa mtakatifu kadiri unavyoungana na tendo lenyewe la liturujia. Kwa hiyo swali siyo kama wimbo unapendwa. Swali ni unafanya kazi gani pale ulipowekwa. Wimbo wa mwanzo unawakusanya watu wote wawe kusanyiko moja, siyo kumtambulisha bibi harusi kama MC anavyofanya ukumbini. Zaburi ya wimbo wa katikati ni Neno la Mungu, hatuibadilishi na kitu kingine. Na pale kwenye komunyo maharusi wanampokea Kristo. Wimbo ukisema "wewe ndiye kila kitu kwangu", huyo "wewe" ni nani?

(Na sisi wanakwaya tusijifanye watakatifu. Matoleo yameshaisha, sisi bado tunarudia kiitikio kwa sababu kamera imegeukia upande wetu.)

Rafiki yangu alikaa kimya siku mbili. Halafu akapiga simu: bongo fleva ihamie ukumbini, wakati wa kukata keki. Kwa shukrani baada ya komunyo akaomba wimbo wa Bikira Maria ambao marehemu bibi yake alikuwa akiuanzisha kila jumuiya ilipokutana kwao. Hakujua jina lake. Aliniimbia kwenye simu, nusu anaimba, nusu analia, na mimi nikautambua.

Mazoezi yanaanza Jumanne. Sauti ya tatu bado tuna mtu mmoja tu, kwa hiyo kama uko karibu, njoo.