NASABA YA KWELI, NASABA YA UONGO, NA KALAMU ISIYOSAHAU

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.



Siku zilizopita niliitwa kukaa na watoto wa mzee mmoja aliyefariki, Allah amrehemu. Nyumba mbili, mama wawili, parsele moja. Karatasi hakuna. Mzee hakuandika wasia, hakutaja deni, hakuita mashahidi. Tulipokaa saa moja, maneno yakawa makali, na kijana mmoja akamwambia ndugu yake wa baba mmoja: “Nyinyi hamna haki hapa, mama yenu ni wa ukoo wa watumwa.” Nyumba yote ikanyamaza. Kwa ajili ya neno lile nimeandika somo hili. Tutatazama habari mbili za wafalme, zote zinatuhusu sisi watu wa Manyema, kisha tutoe mafunzo.

HABARI YA KWANZA: WATOTO WA SEYYID SAID

Dini yetu ilifika huku kwa njia ya Unguja, Tabora na Ujiji. Mkubwa wa Unguja siku hizo alikuwa Seyyid Said bin Sultan, wa ukoo wa Albusaidi wa Oman. Alifariki mwaka 1856 baharini, akitoka Maskati kurudi Unguja. Aliacha watoto 36 walio hai.

Katika jahazi lile alikuwemo mwanawe Barghash. Wanahistoria wanasema kwamba aliishusha maiti ya baba yake usiku, ikazikwa kwa siri, naye akajaribu kuushika utawala kabla mji haujaamka. Hakufaulu. Ndugu yake Majid akawa mtawala wa Unguja, na ndugu yao mkubwa Thuwaini akabaki Maskati. Thuwaini naye hakuridhika. Mwaka 1859 alituma merikebu za vita kuja Unguja, na Waingereza wakazizuia njiani.

Mwaka ule ule Barghash alipanga kumpindua Majid. Dada zake wawili walikuwa pamoja naye: Khole na Salme. Salme alikuwa na miaka kama kumi na tano tu. Zamani wasichana wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa kuwa alijua kuandika, Barghash alimfanya karani wake, na barua za fitina zikatoka mkononi mwake. Siri ilipofichuka, askari wa Majid waliizunguka nyumba ya Barghash, naye akatoka amevaa nguo za kike katikati ya dada zake, akakimbilia shambani. Askari wa baharini wa Kiingereza walimsaidia Majid, Barghash akasalimu amri, akapelekwa Bombay.

Je, ndugu hawa walipata faida gani? Mwaka 1861 shauri lao lilikatwa na mtu wa mbali, Lord Canning, mkubwa wa Waingereza katika India. Alitenga Unguja na Oman, na Unguja ikatakiwa kulipa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Mali ya baba mmoja iligawanywa na mgeni kwa sababu watoto walishindwa kuigawa wenyewe. Tangu hapo mkono wa mgeni haukutoka nyumbani mwao, na mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza.

Barghash alitawala baada ya Majid kufariki mwaka 1870. Salme alikwisha ondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na akaiacha dini. Hukumu yake iko kwa Mola wake. Aliporudi mwaka 1885 kudai urithi wake, Barghash alikataa hata kumwona. Mkono uliomwandikia barua zake hakuutaka tena. Lakini mwaka 1886 Salme alichapisha kitabu cha maisha yake huko Berlin, na mengi ya mambo ya ndani ya jumba lile tunayajua leo kwa kalamu yake.

Sasa sikilizeni neno moja zaidi. Watoto wale 36 wote walizaliwa na masuria. Mke wa ndoa, Bibi Azza bint Sef, hakuacha mtoto. Mama yake Majid na mama yake Salme walikuwa Wacherkesi, mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi, wote walinunuliwa. Hata hivyo wana wao walikaa katika kiti cha ufalme, na hakuna kadhi aliyesema hawarithi. Basi wewe wa Manyema unapata wapi sheria ya kumnyima ndugu yako kwa sababu ya mama yake?

HABARI YA PILI: MJUKUU WA UONGO

Habari hii ni ya nchi yetu wenyewe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayeitwa Tippu Tip, alifika huku akitafuta pembe za ndovu. Kabla ya mwaka 1874 aliingia nchi ya Utetela, upande wa mto Lomami. Mfalme wa huko alikuwa mzee, jina lake Kasongo Rushie. Tippu Tip akasikia kwa watu kwamba zamani mfalme mmoja wa Urua alipiga vita, akateka dada wawili wa Kasongo Rushie, wasionekane tena.

Tippu Tip akaiweka habari hiyo moyoni, akatengeneza nasaba. Akasema kwamba babu yake alikwenda Urua, akanunua huko mwanamke, na mwanamke yule ndiye dada aliyepotea. Kwa hiyo yeye Tippu Tip ni mjukuu wa nyumba ile ya ufalme. Mzee Kasongo Rushie aliamini. Alifurahi kuona damu ya dada yake imerudi, akamwachia utawala. Nchi nzima ikachukuliwa kwa neno moja la uongo, na pembe zikaanza kuletwa kwa mtawala mpya.

Nani alituambia haya? Si adui yake. Ni Tippu Tip mwenyewe. Katika uzee wake huko Unguja aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza kwa herufi za Kirumi na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip alifariki mwaka 1905. Hila ile aliisimulia kama werevu, nayo imebaki kuwa ushahidi juu yake.

Na ule utawala ulidumu? Mwaka 1887 Leopold alimfanya wali wa Stanley Falls, mji tunaouita leo Kisangani. Mwaka 1892 vita vikaanza kati ya Waarabu na Leta ya Leopold. Mwaka 1893 Nyangwe ikaanguka, kisha Kasongo, na mwanawe Sefu akafa mwaka ule ule. Miaka ishirini tu, au kama hivyo. Wala tusifiche: nyuma ya pembe zile kulikuwa na vijiji vilivyochomwa na watu waliofungwa minyororo. Wengi wetu ni watoto wa waliofunga, wengi ni watoto wa waliofungwa, na wengine tuna damu zote mbili.

MAFUNZO

Kwanza: Usidai nasaba isiyo yako. Mtume wetu (s.a.w.) ametuonya vikali kwamba anayejinasibisha na asiye baba yake, naye anajua, amejiharamishia Pepo. Wako kati yetu wanaojitafutia babu wa Maskati ili wapate heshima katika ndoa na katika baraza. Kama babu yako alikuwa Mkusu, Mzimba au Mtetela, huyo ndiye babu yako. Surat al-Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kwamba makabila ni ya kujuana, na mbora mbele ya Allah ni mcha Mungu zaidi.

Pili: Usimtukane mtu kwa nasaba yake. Mwenye kumwita ndugu yake mtumwa amerudia desturi ya ujahili.

Tatu: Andika. Surat al-Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Fitina ina makarani wake. Haki isikose karani.

Basi kila baba wa nyumba anunue daftari moja. Aandike majina ya babu na bibi anaowajua kwa kweli, asiyemjua amwache. Aandike wake zake, watoto wote wa nyumba zote, deni analodai na analodaiwa, na parsele yake aliipata kwa nani na mwaka gani. Wasia usipite theluthi ya mali. Mashahidi wawili waadilifu watie mkono. Na watoto waandikishwe komini, kwa kuwa tribinali haisikilizi maneno ya kusikia tu.

Wale watoto wa marehemu bado hatujamaliza shauri lao. Lakini kijana yule aliomba radhi mbele ya wote, na ndugu yake akampa mkono. Juzi walikaa pamoja, wakaandika majina ya watoto wote wa baba yao katika karatasi moja, wa nyumba zote mbili. Mirathi itaanzia hapo.

Ewe Mola, tuunganishie udugu wetu, utusamehe sisi na wazee wetu, na uwarehemu waliodhulumiwa katika nchi hii. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.