Kufundisha Kutafuta Kasoro: Kipokezi cha GPS Kilichonyamaza

Miongoni mwa kazi ngumu za mwalimu ni kumzoeza mtoto kutafuta sababu bila kubahatisha. Katika makala haya tutatazama somo moja linalofaa shule za Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria. Huko mvuvi anayetega nyavu usiku aweza kutegemea kipokezi cha GPS kumrudisha alipozitega. Kifaa kikimpotosha hupoteza nyavu, mafuta, na pengine maisha.

Tuseme tumeunganisha kipokezi na maikrokontrola. Kipokezi hupeleka habari katika waya mmoja, biti moja baada ya nyingine. Lakini skrini imebaki tupu. Wanachuo wengi hukimbilia kung'oa waya zote na kuanza upya. Njia hiyo haifai, kwani hata kifaa kikifanya kazi hatutajua kasoro ilikuwa wapi. Hatuna budi kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kwa utaratibu huu:

1. Umeme. Je, kipokezi kinapata volti zilizoandikwa katika maelezo yake? Vingi hutumia ishara za volti 3.3, ishara za volti 5 zaweza kuviharibu.

2. Waya. TX ni kinywa na RX ni sikio. Kinywa cha kifaa kimoja kiunganishwe na sikio la kingine, na GND ziunganishwe pamoja.

3. Kasi. Herufi zisizo na maana zikionekana, yaelekea kasi za vifaa hivyo hazilingani. Vipokezi vingi hutoka kiwandani na kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, vingine 4,800.

4. Anga. Mstari unaoanza na $GPRMC ukisomeka, lakini ukiwa na herufi V badala ya A, mawasiliano ni mazima. Kipokezi hakijapata satelaiti za kutosha. Tukitoe chini ya bati, tukiweke uwanjani, tungojee dakika chache.

5. Maana. Hapa ndipo penye hatari kubwa, maana kila kitu huonekana sawa. Mjini Mwanza twaweza kusoma 0231.00,S. Hii si nyuzi 2.31, bali ni nyuzi 2 na dakika 31 kusini. Dakika 31 tukizigawa kwa 60 twapata 0.517, hivyo jibu ni nyuzi 2.517. Anayekosea hapa hujiweka kilomita 23 hivi kaskazini ya mahali alipo. Mashua ya uokoaji ikitumwa huko, haitamkuta mtu.

Shule isiyo na vifaa isiache somo hili. Mtoto mmoja asome tarakimu upesi, mwenzake aziandike polepole. Darasa litaona zinavyopotea. Kisha wawili waseme kwa pamoja bila kusikilizana. Baada ya mchezo, watoto wenyewe watautaja ugonjwa wa kasi na ugonjwa wa waya.

Tukumbuke kwamba mwalimu anayempa mtoto jibu upesi humnyima nafasi ya kulitafuta. Aulize kwanza: "Umeona nini? Umebadili nini? Kisha kikatokea nini?"

Zoezi: Badilisha 03254.00,E kuwa nyuzi za desimali, kisha eleza ungemsaidiaje mwanafunzi aliyejibu 32.54.